Almasi au chupa? Na kipimo kiko mkononi mwa nani

Wadau, kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za watu, na bila shaka wewe umeshatumiwa na shangazi yako au na yule rafiki anayetarajia kuvishwa pete. Unasema ukitaka kujua kama almasi ni ya kweli fanya mambo manne. Itumbukize kwenye glasi ya maji, ikizama ni ya kweli. Ikwaruze kwenye kioo, kioo kikichorwa ni ya kweli. Ipulizie pumzi kama unavyosafisha miwani, ukungu ukipotea haraka ni ya kweli. Ilaze kifudifudi juu ya gazeti, usipoweza kusoma herufi kupitia jiwe, hongera, ni ya kweli. Mimi mtu wa magazeti hilo la nne lilinifurahisha. Angalau imebaki kazi moja ambayo simu haijatunyang'anya.

Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nikaanza kufuatilia vipimo hivi vilitoka wapi. Nilichokuta ni kwamba karibu kila kimoja kina historia yake, kilifanya kazi kwa muda, kisha akatokea mjanja akatengeneza kitu cha kukishinda. Nikakuta na jingine ambalo kwenye ujumbe halimo kabisa. Katika visa vikubwa vya almasi ambavyo dunia inavikumbuka, mara nyingi jiwe lilikuwa la kweli. Aliyepunjwa alipunjwa kwa sababu kipimo kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Maji tuyamalize haraka. Kila jiwe linazama. Chupa inazama. Kokoto za barabara ya Morogoro zinazama. Nadhani hiki ni kivuli cha kipimo cha maana, kile cha kupima jiwe kwenye mizani likiwa hewani, kisha likiwa ndani ya maji, ili ujue uzito wake kwa ujazo. Almasi ina uzito wa mara 3.52 ya maji ya ujazo uleule, na zirkonia, ile bandia inayouzwa sana, inakaribia mara 6. Kwa mizani ya sonara unaweza kuzitofautisha. Kwa glasi ya juisi huwezi.

Kipimo cha zamani ambacho kiliharibu mali za watu ni cha nyundo. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79 wakati volkano ya Vesuvius ilipolipuka, aliandika katika kitabu cha 37 cha kazi yake kubwa kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa, nyundo na fuawe ndivyo vitakavyopasuka. Akaongeza kwamba kitu pekee cha kuilainisha ni damu ya mbuzi, mbichi na yenye vuguvugu. Tunacheka, lakini waandishi wa Ulaya waliendelea kuyarudia hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ukweli ni kwamba almasi haikwaruziki na kitu kingine cha asili tunachokishika kila siku, ila kuvunjika inavunjika. Ndani yake kuna pande ambazo ukizigonga sawasawa inapasuka kama ukuni, na wakataji wa almasi waliishi kwa kuzijua pande hizo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na almasi halisi na akamwamini Pliny alibaki na vipande, na hapohapo akaaminishwa kwamba alikuwa na jiwe la uongo. Sijui kama kuna kipimo kibaya kuliko kile kinachomwadhibu mkweli.

Kukwaruza ndiko kulikofuata kupata heshima ya kisayansi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ngazi 10 za ugumu, kila moja likiyakwaruza yaliyo chini yake, almasi ikakaa juu kabisa. Yakuti, nyekundu na ya samawati, zipo ngazi ya 9. Kwatzi, ambayo imejaa kila mahali, ipo ya 7. Na kioo cha dirisha kiko kama 5 na nusu hivi. Umeona tatizo? Kioo kinakwaruzwa na kwatzi ya kawaida, na yakuti, na hata msumari mgumu. Kipimo cha kioo kinaweza kukuambia jiwe hili si chupa, basi, na hapo ndipo kinapoishia.

Hata hivyo kioo cha dirisha ndicho kilichobadilisha historia ya kusini mwa Afrika, na hapa naomba tukae kidogo.

Karibu na Hopetown, pembezoni mwa mto Orange, kijana wa miaka 15 aitwaye Erasmus Jacobs aliokota jiwe linalong'aa. Watoto wa nyumbani wakawa wanalichezea. Jirani yao Schalk van Niekerk akalipenda, akataka kulinunua, mama wa kijana akaona aibu kuuza kijiwe cha kuchezea, akampa bure. Van Niekerk akampa mfanyabiashara mzungukaji, John O'Reilly, akalitafutie maana. Wengi walioonyeshwa waliona hamna kitu. Mwaka 1867, mjini Colesberg, ofisa wa serikali Lorenzo Boyes alilikwaruza kwenye kioo, likachora, akalituma kwa posta ya kawaida, kwenye bahasha ya kawaida tu, kwenda kwa daktari William Guybon Atherstone huko Grahamstown, mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda.

Atherstone alikuwa tabibu mwenye mapenzi na miamba. Hakuishia kwenye kioo. Alijaribu kulipiga tupa, tupa ikateleza bila kuacha alama. Akapima uzito wake kwa ujazo. Ndipo akajibu kwamba ni almasi, karati 21 na robo, na thamani yake ni pauni 500. Gavana wa Koloni la Rasi, Philip Wodehouse, akalinunua kwa bei hiyo. Jiwe hilo ndilo linaloitwa Eureka, na leo lipo makumbusho ya Kimberley.

London haikuamini. Mwaka 1868 mtaalamu James Gregory alitumwa kwenda kuchunguza, akarudi na maelezo kwamba nchi ile haina miamba ya kuzaa almasi, na kama kweli zimeonekana basi huenda zilibebwa tumboni na mbuni kutoka mbali. Ndiyo, mbuni, yule ndege. Baadaye jina la Gregory likageuka kuwa neno la mitaani kwenye machimbo, la kumaanisha uongo wa kitaalamu. Nadhani kila fani ingefaa iwe na neno kama hilo, yetu ya habari ikiwemo.

Mwaka 1869 mchungaji mmoja Mgriqua akaokota jiwe jingine, la karati 83 na nusu, na safari hii van Niekerk hakusubiri mtu wa kumpimia. Alimpa mchungaji kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi mmoja. Kwa mchungaji ule ulikuwa utajiri wa kweli, tusimdharau. Ila van Niekerk alikwenda kuliuza kwa pauni 11,200. Jiwe hilo likaitwa Nyota ya Afrika Kusini, na miaka miwili baadaye watu wakawa wamejazana mahali ambapo sasa ni Kimberley.

Angalia vizuri biashara ile. Hakuna aliyemuuzia mwenzake chupa. Mchungaji alijua jiwe lake ni la thamani, ndiyo maana alidai kondoo wengi namna ile. Asichokijua ni namba ya mwisho, na namba ya mwisho alikuwa nayo mtu mmoja tu kati ya wale wawili waliokuwa wakipatana.

Kisa cha pili kinatoka Marekani, kinachekesha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mabinamu wawili wa Kentucky, Philip Arnold na John Slack, waliwapelekea matajiri wa San Francisco mfuko wa vito ghafi, wakisema wamegundua shamba la almasi huko magharibi. Matajiri hawakuwa wajinga, wakapeleka mawe New York kwa Charles Tiffany mwenyewe. Tiffany na wataalamu wake wakasema ni ya kweli, thamani dola 150,000. Na yalikuwa ya kweli! Yalikuwa mawe hafifu yaliyonunuliwa Ulaya kwa bei ya chini, sehemu ndogo tu ya hiyo dola 150,000. Nyumba ya Tiffany ilizoea almasi zilizokwisha kukatwa. Ghafi hawakuzijua sawasawa. Arnold na Slack waliyapanda mawe ardhini kama mtu anayepanda mahindi, wakawapeleka wakaguzi kuyavuna, wakalipwa mamia ya maelfu ya dola. Aliyewaumbua ni mwanajiolojia Clarence King, aliyefika pale akakuta almasi na yakuti zimelala pamoja namna ambayo asili haifanyi, na zinapatikana tu mahali ardhi ilipokwisha kuguswa, nyingine kwenye vichuguu vilivyotobolewa kwa kijiti. Jiwe la kweli, mgodi wa uongo. Kipimo cha kioo kingefanya nini hapo?

Sasa feki zenyewe. Kwa karne nyingi feki kubwa ilikuwa kioo tu, na bingwa wake ni Georg Friedrich Strass, aliyehamia Paris na katika miaka ya 1730 akatengeneza kioo chenye risasi kilichong'aa kiasi cha kuvaliwa ikulu ya Ufaransa. Wafaransa mpaka leo vito vya namna hiyo wanaviita kwa jina lake. Kioo kinakwaruzika, hivyo tupa inakiumbua. Basi miaka ya 1970 ikaja zirkonia, iliyokuzwa vizuri na wanasayansi wa Kisovieti mjini Moscow na kuingia sokoni kwa wingi kuanzia 1976. Hiyo ni ngumu kuliko kioo cha dirisha, inachora vizuri tu. Kipimo cha gazeti pia inaweza kukuchanganya ikiwa imekatwa vizuri, maana kisa cha kutosoma herufi ni namna jiwe linavyokunja mwanga na kuurudisha juu, na ukataji nao una sehemu yake.

Masonara wakakimbilia joto. Almasi hupitisha joto kuliko shaba, zaidi ya mara nne, na hiyo ndiyo siri ya kile kipimo cha pumzi: ukungu unapotea kwa sababu jiwe linasambaza joto upesi. Wakatengeneza kifaa kidogo kama kalamu, unagusa jiwe kwa ncha, taa inawaka. Zirkonia ikakamatwa. Wengi wa masonara wetu mjini wanacho, muombe akuonyeshe.

Halafu mwaka 1998 ikaja moissanaiti. Hii ina kisa cha pekee. Mwaka 1893 mkemia Mfaransa Henri Moissan alichunguza vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona, akaona punje ngumu zinazong'aa, akadhani ni almasi. Mwaka 1904 akabaini ni silikoni na kaboni zilizoungana. Bingwa wa kemia, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906, alidanganywa na jiwe hilo kabla hata ya mtu yeyote kuliuza! Kampuni moja ya Kimarekani ilipoanza kulizalisha kwa ajili ya pete, wenye vile vifaa vya joto walipata tabu, kwa sababu moissanaiti nayo inapitisha joto sana. Taa ikawa inawaka kwa zote. Vikatengenezwa vifaa vingine vya kupima umeme. Kwa jicho, chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tazama jiwe kwa ubavu: kwenye moissanaiti kingo za upande wa nyuma utaziona mbilimbili, kama mtu aliyevaa miwani isiyo yake. Kwenye almasi unaona mstari mmoja.

Mpaka hapo bado tunazungumzia vitu ambavyo si almasi. Tarehe 16 Desemba 1954, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, New York, Tracy Hall alitoa kwenye mashine yake ya mgandamizo punje ndogo za almasi kabisa, kaboni tupu, kama ile ambayo Mwingereza Smithson Tennant alishathibitisha mwaka 1797 kwa kuichoma ikawa hewa ya ukaa. Za mwanzo zilikuwa za viwandani tu. Leo zinakuzwa kubwa, safi, nyingine kutokana na gesi, kama mtu anavyokuza barafu kwenye friji. Kioo, pumzi, gazeti, kalamu ya joto, vyote zinavipita, kwa sababu hazidanganyi: ni almasi. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ililiondoa neno "asilia" kwenye tafsiri yake ya almasi. Kuzijua kunahitaji mashine za maabara zinazosoma mwanga na kutafuta dalili za naitrojeni, ambayo almasi nyingi za ardhini zinayo kwa mpangilio unaochukua muda mrefu mno kutokea kiwandani. Na bei yake imeshuka vibaya. De Beers walianza kuuza za maabara mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, na mwaka 2025 wakatangaza kufunga biashara hiyo.

Kwa hiyo ukienda dukani leo swali "ni ya kweli?" muuzaji anaweza kukujibu ndiyo, bila kusema uongo, na bado ukalipa mara kadhaa ya bei yake. Muulize imetoka wapi, ardhini au kiwandani, na cheti cha nani. Kisha soma namba iliyochorwa kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, na hata hapo usisinzie, maana mwaka 2021 Taasisi ya Vito ya Marekani, GIA, ilitoa taarifa ya mawe ya maabara yaliyochorwa namba za vyeti vya almasi asilia.

Sisi tulio katika nchi inayochimba jiwe lenyewe tuna sababu ya ziada ya kulifuata swali hili. Mwaka 1940 Mkanada John Thorburn Williamson, mwanajiolojia aliyekuwa amehangaika miaka kadhaa akifuata dalili, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, Shinyanga, wenye eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 mgodi ukatoa jiwe la waridi la karati 54 na nusu, Williamson akampa zawadi ya harusi binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Lilipokatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa kwenye bruchi ya Cartier yenye umbo la ua. Zaidi ya nusu iliishia kwenye vumbi la mkataji. Hiyo ndiyo hali ya almasi ghafi: haing'ai kama ya dukani, inafanana zaidi na punje ya chumvi ya mawe, na thamani yake ni makisio ya kitakachobaki baada ya kukatwa. Makisio hayo hayafanywi kwa gazeti wala kwa pumzi.

Williamson alifariki 1958, De Beers na serikali ya kikoloni wakagawana mgodi nusu kwa nusu. Baadaye ukataifishwa, De Beers wakarudi 1994 na asilimia 75, na mwishoni mwa muongo wa 2000 hisa hizo zikaenda Petra. Septemba 2017 ndipo wengi wetu tulipoanza kuzijua karati. Mzigo wa karati 71,654.45 ulizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nilifanya hesabu: ni kama kilo 14 na ushee, unaweza kuubeba kwenye begi la mgongoni. Serikali ilisema mzigo ulitajwa kuwa na thamani ya dola milioni 14.798, lakini thamani halisi ni milioni 29.5. Taarifa ya kamati ya Bunge kuhusu almasi ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli, waziri mmoja na naibu waziri mmoja wakajiuzulu. Petra walikanusha kufanya kosa, wakasema wanaopanga thamani ni wathamini wa Serikali na si kampuni. Mwaka 2021 pande mbili zilikubaliana hisa za Serikali zipande kutoka asilimia 25 hadi 37.

Tafuta katika mabishano yote yale mtu aliyeuliza kama mawe ni ya kweli. Hayupo. Ubishi wote ulikuwa juu ya jicho la mthamini, na hapo ndipo ninapoona tumesahau kitu. Tunasomesha watu kuchimba, tunasomesha wanasheria wa kusoma mikataba, lakini watu wa kukaa na jiwe ghafi chini ya lenzi na kusema litakatwaje, litatoa karati ngapi, rangi gani, hao ni wa kuhesabu. Nchi yenye mgodi tangu 1940 ingekuwa imeshajaza chuo kizima cha hao.

Novemba 2021 Mwadui ilitoa jiwe jingine la waridi, karati 32.32. Petra waliliuza kwa dola milioni 13.8, na kwa sifa yao waliweka sharti la kupata nusu ya faida likishakatwa. Oktoba 2022 kito kilichotokana nalo, cha karati 11.15, kilipigwa mnada Hong Kong na Sotheby's kwa dola milioni 57.7. Ni jiwe lenye uzito wa gramu mbili na robo hivi.

Jirani na mgodi huo upo mji wa Maganzo, wenye wachimbaji wadogo wa almasi. Mwenye chekecheo pale hahitaji ujumbe wa shangazi. Almasi anaijua kwa macho hata ikiwa na tope. Dalali anapomtajia bei jioni, kati yao wawili mwenye lenzi mfukoni ni dalali.